Kabla hujaketi na papa mwenye kinu

Katuba, Lubumbashi

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusikiliza mara mbili. Unasema Jumamosi unakutana kwa mara ya kwanza na papa yule, yule mzee wa Ruashi: wewe ulete dola 6,000 na wateja wako wa unga, yeye alete kinu cha kusagia mahindi na uwanja, mfanye kazi pamoja. Na unaniuliza, "Mama, nimwambie nini ili akubali?"

Neno hilo "akubali" limeninyima usingizi. Mwanangu, hata wewe una la kukubali au kukataa. Makuta hayo, pesa zako, umeyakusanya miaka minne ukipima unga meka kwa meka pale sokoni, mvua na jua. Usiende kama mtu anayeomba kazi.

Nikwambie jambo ambalo sikuwahi kukueleza lote. Unaukumbuka mwaka ule ulipokaa nyumbani miezi mitatu kwa kukosa ada? Nilikuwa nimeshirikiana na mama mmoja kuleta mahindi kutoka Zambia. Siku ya kwanza alinipokea vizuri sana, bukari na samaki, kisha tukafungua daftari. Gunia tunanunua bei hii, tunauza bei hii, tunagawana nusu kwa nusu. Tulijaza ukurasa mzima, na wote ulikuwa faida. Lori likakwama mpakani Kasumbalesa siku tisa, mvua ikinyesha, turubai limechanika upande mmoja. Lilipofika nilitia mkono ndani ya gunia la pembeni: lilikuwa na joto kama sufuria ya uji, punje zimeanza kuota na kunuka kama pombe. Mama yule akasema makuta yake ndiyo yaliyonunua magunia mazima, yangu ndiyo yaliyooza. Hakuwa mwizi. Aliogopa kama nilivyoogopa, na hatukuwa na neno hata moja tulilopatana kuhusu siku kama ile. Mpaka leo tukikutana njiani kila mmoja anatazama upande wake.

Kwa hiyo ninachokuomba kwa Jumamosi ni hiki: habari ya faida ataileta mwenyewe, wewe muulize habari ya hasara. Mota ikiungua, nani ananunua nyingine? Umeme wa SNEL ukikatika wiki nzima, mazutu ya jenereta yanatoka mfuko gani? Mwaka 2024 ukame ulipoipiga Zambia, wewe mwenyewe uliona mahindi yalivyoadimika hapa kwetu. Ikitokea tena, kinu kimesimama na wafanyakazi wanadai, mnafanya nini? Kisha muulize kwa upole: "Papa, yule uliyefanya naye kazi kabla yangu, mliachana vipi?" Halafu nyamaza. Usimsaidie kujibu. Akikueleza kosa la mwenzake na lake pia, huyo anaweza kukaa na mtu. Akisema wote waliopita walikuwa wezi, mwanangu, wewe ndiye unayefuata kwenye orodha hiyo.

Najua utaona haya, kwa sababu ni mtu mzima na atakuita "binti yangu". Mwite Papa, mpe heshima yote, mletee hata kilo ya sukari ukitaka. Heshima haikukatazi kuuliza.

Kabla ya siku hiyo, nenda kinuni kwake kama mteja wa kawaida. Beba gunia moja la mahindi uliyoyapima mwenyewe, saga, pima unga na pumba vinavyorudi. Tazama ni watu wangapi wanangoja foleni, sikiliza wanavyonung'unika au wanavyomsifu. Tazama kama mashine inatetemeka, kama mkanda umeshonwashonwa. Kwa maana atakuja kusema kinu chake kina thamani ya dola kadha wa kadha, na thamani hiyo ndiyo itakayoamua sehemu yako. Muombe fakture, ile ankara ya kununulia, na bei tafuta fundi asiye wake aipime.

Muombe pia namba yake ya RCCM, daftari la serikali la kusajili biashara. Ndani ya namba hiyo, baada ya tarakimu za mwaka, utaona herufi: A ni mfanyabiashara mtu mmoja, B ni kompani. Akikwambia "kompani yetu" na namba ina A, muulize.

Kuhusu sheria, kaka wa rafiki yangu anayefanya kazi kwa notere, yule anayethibitisha mikataba, amenieleza, nami nimeandika. Tangu Septemba 2012 Kongo tunafuata sheria za OHADA, sheria za biashara za pamoja za nchi kadhaa za Afrika. Kifungu cha mkataba kinachompa mmoja faida yote, au kinachomwondolea mmoja hasara yote, kinahesabiwa kana kwamba hakikuandikwa. Na hili ndilo lililonishtua: mkianza kufanya kazi kama washirika bila karatasi yoyote, hakimu anaweza kuwatambua kuwa kompani hivyo hivyo, na mtu anayekidai kinu akaja kudai deni lote kwako peke yako. Ndiyo maana sitaki uanze hata kwa "majaribio ya mwezi mmoja" kabla ya kupita kwa notere na Guichet unique, ofisi ya kusajili kompani. Mkisajili kompani ya aina ya SARL, kwa kawaida unachoweza kupoteza ni kile ulichotia.

Hesabu zako nyingine unazijua, sitakufundisha unga. Ila andika namba moja kwenye karatasi, uifiche: kiasi ambacho ukikipoteza bado watoto wanakula na kwenda shule. Kama ni dola 3,000, basi ni 3,000, hata akikuonyesha uwanja mkubwa kiasi gani. Namba hiyo asiijue.

Usiende na makuta siku hiyo. Usitie sahihi. Akikubana, mwambie, "Papa, nimekusikia, nitarudi Jumatano na jibu." Akikasirika kwa sababu ya siku nne tu, hilo nalo ni jibu.

Ukitoka Ruashi usiende kwako kwanza, pitia hapa. Nitakuwa nimepika sombe. Uje na daftari lako, tulisome pamoja.

Mama yako