Mume ananitaka nijichubue: nimtii?

SWALI: Assalaam aleikum sheikh. Mume wangu wa miaka sita husema ningependeza zaidi kama ningekuwa mweupe. Nimepaka mkorogo miezi minane. Nilipouacha ghafla uso uliwaka moto na kuota vipele, naye akasema: "Unaona? Ngozi yako inauhitaji." Shoga yangu aliyesoma chuoni anasema mke akijipamba kwa amri ya mumewe hana dhambi, kwani ni sawa na hina. Je, nirudie? Na kutibu makovu ya chunusi na kupunguza mwili, mambo ninayoyataka mwenyewe, nayo ni kubadilisha maumbile? Je, swala nilizoswali nikiwa nimepaka zimesihi?

JIBU: Waaleikumu salaam warahmatullah. Dada yangu, usirudie. Swala zako zimesihi, maana mafuta yanayopakwa yakanyonywa na ngozi hayazuii udhu. Kinachozuia ni tabaka linaloonekana ambalo maji hayapenyi. Hilo tuliache.

Hoja ya shoga yako nimekwisha kuisikia hata kwa watu wa elimu, na ni ya hatari kwa sababu nusu yake ni kweli. Mke kujipamba kwa mumewe ni jambo jema. Lakini kufananisha mkorogo na hina ni kiyasi (ulinganisho wa kisheria) kibovu. Hina hukaa juu ya ngozi, ikafifia, ikaondoka, na ngozi ikabaki ilivyokuwa. Mkorogo unaiharibu ngozi yenyewe. Humo huwamo hidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, ambayo ikitumika muda mrefu inaweza kuacha mabaka ya rangi ya buluu iliyokoza, magumu kutoka. Huwamo zebaki, ambayo hupenya mwilini na kudhuru figo. Na huwamo dawa za steroidi kama klobetasoli, zinazoifanya ngozi nyembamba ikapasuka michirizi.

Kuhusu amri ya mume, jibu limo katika mkusanyo wa hadithi wa Bukhari, Kitabu cha Nikahi, mlango usemao kwamba mwanamke hamtii mumewe katika maasia. Mwanamke wa Kiansari (wa Waislamu wenyeji wa Madina) alimwoza bintiye, nywele za binti zikanyonyoka. Akamwendea Mtume (s.a.w.) akamwambia kuwa mkwewe ameamuru ziunganishwe. Akakatazwa, akaambiwa kuwa wenye kuunganishwa wamelaaniwa. Amri ilikuwa ya mume, sababu ilikuwa urembo, na binti alikuwa na udhuru ambao wewe huna: nywele zake zilikuwa zimetoka kweli. Basi vipi kwa ngozi nzima isiyo na ugonjwa? Wengine hutumia riwaya ya kulaaniwa mwenye kuchubua na mwenye kuchubuliwa uso; sanadi yake (mlolongo wa wapokezi wake) ni dhaifu, na hatuihitaji.

Ajabu nyingine ni ya mumeo. Sheria imempa mposaji ruhusa ya kumtazama anayemposa. Sahaba Mughira bin Shu'ba alipoposa, Mtume (s.a.w.) alimwambia akamtazame kwanza. Mumeo alikuona, akaridhia, akatoa mahari. Weusi wako haukuja baada ya harusi. Na Mola anataja kutofautiana kwa rangi zetu miongoni mwa ishara Zake (Kurani 30:22). Leo ishara hiyo iwe kasoro?

Ama anachokiita "ngozi kuuhitaji", ni kinyume chake. Steroidi hubana mishipa midogo ya damu. Ukiiacha ghafla hutanuka, uso ukawa mwekundu na kuwaka. Kwa unavyoeleza, yaelekea ndilo lililokupata. Kupaka tena kutatuliza kwa siku chache, kisha moto utarudi mkali zaidi.

Nenda kwa daktari wa ngozi, na ubebe kopo lenyewe, hata kama halina maandishi, ili ajue anashughulika na nini. Huenda akakupa dawa nyepesi zaidi ya kupunguzwa hatua kwa hatua. Mwombe pia kipimo cha mkojo kuangalia figo, na kama una mimba au unanyonyesha, mwambie mwanzo kabisa. Nyumbani tumia mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Usisugue uso, usipake limau, na ujikinge na jua. Taulo na foronya ulizotumia zitenge na za watoto, kisha uzifue, maana zebaki huwagusa na wasiopaka.

Sasa makovu na mwili. Mtume (s.a.w.) aliwalaani wanaojitenganisha meno "kwa ajili ya urembo, wenye kubadilisha maumbile ya Allah". Imam Nawawi, mwanachuoni mfafanuzi wa hadithi, anaeleza kuwa neno "kwa ajili ya urembo" ndilo linalobeba hukumu. Anayefanya kwa matibabu au kwa kasoro ya jino hana ubaya. Naye sahaba Arfaja aliyekatwa pua vitani aliruhusiwa pua ya dhahabu. Kovu la chunusi ni athari ya maradhi, basi litibu. Kupunguza mwili kwa chakula na mazoezi si kubadilisha maumbile hata kidogo. Lakini angalia kinachokusukuma: ukitaka wepesi wa kupanda ngazi na kusujudu bila kuhema, utaendelea hata mumeo asiposema neno. Ukifanya ili asiangalie nje, utaacha siku atakaponuna, au utajinyima chakula hadi uugue.

Zungumza naye akiwa ametulia, si usiku wa ugomvi. Mwambie wazi: "Nitajipamba kwa nguo, manukato na hina upendavyo, ngozi siichezei." Akitishia kuoa mke wa pili, ndoa hiyo ina masharti yake ya uadilifu, wala figo zako si sehemu ya masharti hayo. Akishikilia, mwite mtu mzima wa upande wako na mmoja wa upande wake wakae nanyi.

Wallahu a'lam.