Mwezi wa tembo na mwezi wa ndugu

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Mwezi gani unafaa kuipeleka familia mbugani?" Nimelisoma swali hilo mara mbili nikiwa dukani kwangu hapa Moshi, na limenigusa.

Kwa upande wa wanyama, jibu ni jepesi. Kama ni Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, nenda kati ya Julai na Oktoba. Kiangazi kikishika, maji ya kutegemewa ni ya Mto Tarangire, basi tembo, nyumbu na pundamilia hujisogeza wenyewe mtoni. Mvua zikianza hutawanyika, wengine hadi nyanda za Simanjiro. Mtu wa huku anayeyajua hayo halafu anapeleka watu Desemba, namlaumu. Naandika kwa uchungu kwa sababu nilifanya hivyo mwenyewe.

Ilikuwa 2022. Mnajua Krismasi ya kwetu: ndugu wote wanapanda kutoka Dar, Mwanza na Dodoma. Nikasema, tukiwa wote hivi, tumpeleke mama. Amezaliwa Marangu, wakati huo ana miaka 78, na tembo alimjua kwenye noti ya elfu kumi. Tulikodi Kosta. Tukaondoka saa tatu asubuhi badala ya alfajiri, kisa hotipoti za pilau. Ukijumlisha foleni ya Tengeru na tochi za trafiki hadi Makuyuni, tulifika getini saa nane mchana. Pale noti hazipokelewi, sisi tumechangishana taslimu. Wawili hawakuwa na vitambulisho. Saa nzima ikapotea watoto wakilia njaa.

Halafu sare. Wake za kaka zangu walishonesha vitenge vya familia, bluu iliyokoza, vizuri kweli. Hakuna aliyewaambia kwamba mbung'o hufuata bluu na nyeusi. Nzi hao walituingilia madirishani wakatuuma juu ya nguo, na mama ndiye aliyekuwa amekaa dirishani. Tembo tuliona wawili, migongo tu, mbali nyuma ya vichaka.

Tuliposimama kula, mama hakushika sahani. Alikwenda kwenye mbuyu uliokuwa hapo hapo, gome lake limechimbwa na pembe za tembo, nyuzi zake zinaning'inia kama kamba za mkonge. Akaingiza kiganja ndani ya kovu, akakipandisha taratibu hadi mkono ukafika mwisho, na kovu bado linaendelea juu. Akaniita. "Mwanangu, huyu alisimama hapa hapa." Akabaki hivyo, mkono juu, mpaka dereva akamwambia, "Bibi, geti litafungwa." Kaka yangu mkubwa alikuwa amemshika kiwiko. Wajukuu nao wakaanza kuingiza vidole kwenye gome, mmoja mmoja. Sina picha ya tukio hilo. Simu yangu ilikuwa imeisha chaji.

Kwa hiyo nimeanza jibu hili nikitaka kuwaambia wasomaji wasithubutu Desemba, na nimefika hapa siwezi. Julai mama angeona tembo mia, lakini angewaona na mimi peke yangu, maana kaka zangu Julai hawapati ruhusa kazini.

Nisemalo ni hili, na lisichukuliwe kuwa sheria kwa kila nyumba: wageni na wenye likizo ya kiangazi waende Julai. Wenye mzee nyumbani waende siku ambayo watoto wake wote wapo, ila wasirudie makosa yetu. Kitambulisho cha NIDA kiwe mfukoni na pesa ziwe kwenye simu au kadi. Nguo ziwe za rangi ya kaki. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri, pilau ipikwe usiku. Na Kosta muiache, kodini gari la kitalii la paa linalofunguka hata kama mtabanana kwenye mchango.

Sisi mwaka huu tumepanga tarehe 28 Desemba. Mama ameuliza kama ule mbuyu bado upo.