Mkuu, usiipeleke hiyo laptopu kwa fundi wa kujaza magemu

Mkuu, soma hii kabla hujatoka nyumbani. Umesema una kijana wa miaka 11, umepata laptopu ya RAM 4, na hapo Tabora mjini kuna fundi kakuahidi kukujazia magemu 300 ya zamani kwa elfu kumi, "ila antivairasi tutaizima kidogo". Unauliza gemu gani zinamfaa mtoto, mashine itazibeba au la, na acheze saa ngapi kwa siku. Hayo yote yatasubiri, maana hiyo "tutaizima kidogo" imenitoa kitandani: antivairasi ndiyo programu inayolinda mashine na virusi.

Mimi niko Kigoma, na huku nako nilikuwa na fundi wangu. Kijana mchangamfu, anakupa stuli ukae, anakuagizia soda kwa hela yako mwenyewe. Nikampelekea laptopu ya nyumbani, ile ile mama watoto anayofanyia hesabu za VICOBA, kikundi chao cha kuweka na kukopa, kwa sababu yeye ndiye mweka hazina. Nikamwambia mtoto yuko darasa la tano, nataka magemu ya zamani, yasiyo na mambo mambo. Akanijibu, "Mzee ondoa shaka, ya zamani yote ni ya watoto."

Uongo wa kwanza huo. GTA San Andreas ilitoka 2004, leo ni gemu la zamani kabisa, na Marekani ilipewa alama ya M, yaani miaka 17 kwenda juu. Ulaya waliandika 18. Mwaka 2005 watu wakagundua kuna tukio la ngono limefichwa ndani yake, ikapandishwa hadi daraja la watu wazima tu mpaka walipolitoa. Fundi wangu aliiweka ya kwanza kwenye orodha kwa jina la "gemu la magari". Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Kasulu, yuko sebuleni anachambua dagaa, mjukuu anamwonyesha gari. Mjukuu akamvuta dereva nje, akampiga ngumi, akaondoka na gari. Bibi akauliza, "Huyo kakukosea nini?" Mtoto akajibu, "Hajanikosea, bibi, nimeipenda gari yake." Siku hiyo nilijifanya nina simu ya dharura nje.

Lakini hiyo ni aibu tu, aibu inapita. Kilichoniumiza ni kingine.

Yale magemu karibu yote yalikuwa ya kraki. Kraki ni kiprogramu kinachoingia kwenye faili la gemu na kulibadilisha ili lisidai CD wala namba ya leseni. Sasa antivairasi ikiona programu moja inachokonoa nyingine inapiga kelele, na ni haki yake. Fundi anakwambia, "Hiyo inakosea, ni kraki tu, siyo kirusi." Ubaya ni kwamba mara nyingine anasema kweli! Kuna kraki inayopigiwa kelele na haina kitu ndani. Ndiyo maana neno lake linaingia masikioni vizuri. Ila kwa macho huwezi kutofautisha ile isiyo na kitu na ile iliyobeba mzigo, na yeye fundi hawezi pia, anajaza tu kutoka kwenye diski aliyopewa na mwenzake, ambaye naye alipewa.

Wangu hakuizima "kidogo". Alienda kwenye mipangilio ya Windows akaiweka diski D yote kwenye orodha ya sehemu zisizokaguliwa, na hakuniambia. Kwa hiyo nimerudi nyumbani, nikaangalia pale chini kulia, alama ya ulinzi ina tiki ya kijani, nikalala usingizi mnono. Mlinzi yupo getini, lakini kaambiwa chumba kimoja asikiangalie.

Jumamosi mtoto akataka gemu moja la mbio za magari. Likagoma, likasema linahitaji intaneti kumalizia. Nikawasha hotspoti ya simu, bando langu mwenyewe, nikabofya. Likatokea dirisha linasema Windows inasasishwa, asilimia zinapanda taratibu. Nikasema hewala, nikaenda zangu Kibirizi ufukweni kuangalia samaki, migebuka.

Lile dirisha lilikuwa la bandia. Kirusi chenyewe kinaitwa STOP, wengine wanakiita Djvu, kilianza kusambaa 2018, na njia yake kubwa ni hizo hizo kraki. Kinakuonyesha picha ya Windows kujisasisha ili usizime mashine, na nyuma ya pazia kinafunga mafaili yako moja moja kwa ufunguo. Niliporudi kila faili lilikuwa na ikoni nyeupe, na mwisho wa jina mkia wa herufi nne nisizozijua. Picha za harusi, vyeti nilivyoskani, na leja ya VICOBA: hisa, mikopo, marejesho, mfuko wa jamii, yote. Kwenye kila folda kuna karatasi moja inaitwa _readme.txt. Wanataka dola 980, ukiwahi ndani ya saa 72 wanakupunguzia nusu, dola 490. Wana huruma kweli, ofa ya wateja wapya! Hata hiyo nusu ni zaidi ya milioni moja ya kwetu, na hakuna anayekuhakikishia kwamba ukilipa utapewa ufunguo.

Na hapa ndipo bando langu linaponichekesha mpaka leo. Hicho kirusi kikikosa intaneti kinatumia ufunguo wa pamoja kilichokuja nao. Emsisoft, kampuni ya antivairasi, ilitoa zana ya bure ya kufungua mafaili hayo Oktoba 2019, na watu waliofungiwa kwa ufunguo wa namna hiyo wengine waliokoa vitu vyao. Kikipata intaneti kinaomba kwa wenyewe ufunguo wako peke yako, na kwa matoleo ya baada ya Agosti 2019 huo haufunguliki. Mimi nilikiwashia hotspoti.

Nikarudi kwa fundi. Akaniangalia, akasema, "Mzee utakuwa uliingia mitandao mibaya." Mimi! Halafu akajitolea kuipiga Windows upya kwa elfu ishirini. Mtu kakuchomea nyumba anakuuzia ndoo ya maji. Nilimwachia stuli yake.

Sasa nenda kawaeleze kina mama wa VICOBA, mwezi wa mgao, kwamba leja imeliwa na gemu la mbio za magari. Mama watoto alikaa mkekani na vitabu vya wanachama, anajumlisha upya kitabu kwa kitabu. Mama mmoja kitabu chake kililowana mvua, hisa hazisomeki, anakumbuka nyingi kuliko wenzake wanavyomkumbuka. Mwingine mkopo wake ulikuwa kwenye kompyuta tu, na huo hakuukumbuka kabisa. Tofauti ilijazwa kutoka mfukoni mwangu, na kikao kilipitisha kwa makofi kuwa sitagusa tena kifaa cha kikundi. Makofi marefu.

Ndiyo maana nina sharti moja tu nyumbani kwangu: gemu linalotaka uzime antivairasi halikai kwenye mashine yangu. Liwe la 1995, liwe la bure, liwe la mtoto wa mchungaji. Sijadili. Na ikiwa umeshajaza, ingia kwenye ulinzi wa Windows, tafuta orodha ya vilivyoruhusiwa kutokaguliwa, ufute kila kilichomo. Badilisha na nywila zako kwa kutumia simu, siyo mashine hiyo, maana hicho kirusi mara nyingi huja na mwenzake wa kuiba nywila.

Utaniuliza, bila kraki ya zamani nitayapata wapi? Yapo, mkuu. Anza na OpenTTD, gemu la usafirishaji. Ni ya bure kutoka kwa watengenezaji wenyewe, imetokana na Transport Tycoon Deluxe ya Chris Sawyer ya 1995, na tangu toleo la 1.0 la 2010 haihitaji CD ya zamani. Mtoto anajenga reli, ananunua treni, anabeba makaa ya mawe na abiria, akikopa hovyo anafilisika. Hakuna bunduki. Wangu kabadilisha majina ya stesheni: Kigoma, Uvinza, Nguruka, Kaliua, Urambo, Tabora. Pale Kaliua akachepusha tawi la kwenda Mpanda, nikamuuliza nani kakufundisha, akasema si lipo. Treni zake ziligongana kwa sababu ya taa za reli, akakaa siku nzima anazisoma. Kusoma kwa namna hiyo hakuna mwalimu aliyewahi kukuona kwake.

Kama una hela kidogo, duka la mtandaoni la GOG linauza yale ya zamani yakiwa yameshaondolewa kufuli za CD, kwa hiyo kraki haina kazi. RollerCoaster Tycoon ya 1999 ipo, SimCity 3000 ya kujenga mji ipo, zote alama E, yaani ya kila mtu. Kwenye RollerCoaster mtoto anaendesha bustani ya bembea na anaweza kutoza hela ya choo. Wangu aligundua hilo mapema mno, akapandisha bei, wageni wakaanza kununa, akashusha kwa shingo upande. Age of Empires II ya 1999 ni vita vya mikuki na farasi, Marekani wanasema miaka 13, kaa naye mwanzoni. GCompris, mkusanyiko wa magemu ya kujifunzia, achana nayo, ni nzuri ila imelenga watoto mpaka miaka 10, wa 11 atakuona unamdharau.

CD halisi ukizikuta mnadani usinunue kwa pupa. Nyingi za zama hizo zina SafeDisc, kufuli ya kuzuia CD isinakiliwe, na Windows 10 iliikataa tangu ilipotoka 2015. Utaweka CD halali uliyoilipia, itagoma, na fundi atakuja na tabasamu lake: "Ngoja nikuwekee kraki."

Halafu mfungulie mtoto akaunti yake, ya kawaida, siyo ile ya msimamizi wa mashine. Akitaka kuinstoli kitu Windows itadai nywila yako. Usiiandike popote, na ukiiingiza mwambie ageuke dirishani. Wangu aliishika kwa kuniangalia vidole, na nilikuwa nachapa polepole kwa heshima ya umri wangu.