Kijana hataki kanisa, baba haendi, na mama amebaki na vitisho

Dada mpendwa,

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kabla ya kuijibu nitaieleza kwa ufupi ili wasomaji wengine wafahamu tunazungumzia nini. Una mtoto wa kiume wa miaka 14 na wa kike wa miaka 8. Mume wako aliacha ibada baada ya kutofautiana na viongozi wa kanisa kuhusu matumizi ya fedha za waumini, na tangu hapo anashikilia kwamba mtoto anaweza kulelewa akawa na adabu bila dini yoyote. Hivi karibuni umegundua kuwa kijana wako amekuwa akiitia mfukoni sadaka unayompa kila Jumapili, na ulipomkabili alikujibu kwamba hataki tena kwenda kanisani, mbona hata baba haendi. Kwa hasira ukamwambia kuwa moto wa milele unawangoja wezi na wote wanaompa Mungu kisogo. Binti yako alikuwa akisikiliza, na sasa anaamka usiku akilia na kuuliza kama baba yake atachomwa. Unataka kujua iwapo umlazimishe kijana, na utawaleaje wote wawili katika maadili mema ilhali wewe na baba yao hamko pamoja katika imani.

Nianze na binti, kwa kuwa ndiye anayeumia bila kosa lake. Mwanasaikolojia wa Uswisi Jean Piaget, katika utafiti alioutoa mwaka 1932, aliwasimulia watoto habari za wavulana wawili: mmoja alifungua mlango bila kujua kuwa nyuma yake kulikuwa na vikombe 15, vyote vikavunjika, mwingine alivunja kikombe 1 alipokuwa akijaribu kuchukua jemu kwa siri. Watoto wadogo wengi walimwona yule wa vikombe 15 kuwa ndiye mkosaji mkubwa, ilhali wakubwa zaidi waliitazama nia. Binti yako yuko katika umri ambao uelewa huo ndio kwanza unakomaa, na hana uwezo wa kupima ukali wa maneno yako kama ambavyo mtu mzima angeupima. Anaposikia kwamba wakosaji huchomwa, hesabu yake inaanzia kwenye glasi aliyoivunja juzi na kuishia kwa baba anayempenda.

Usingoje Jumapili kulizungumza jambo hili. Leo jioni kaa naye kitandani kwake, umwambie waziwazi: "Mwanangu, maneno yale niliyasema kwa hasira, na haikufaa kuyasema. Mungu anampenda baba yako, nami nampenda. Kuhukumu si kazi yangu." Kisha msikilize, hata akirudia swali lilelile usiku wa pili na wa tatu. Ikiwa baada ya wiki kadhaa bado anaamka akilia, mpeleke kwa mshauri wa watoto au daktari, wala usione kwamba kufanya hivyo ni upungufu wa imani.

Kwa upande wa kijana, umeyafunga pamoja mambo mawili ambayo nakusihi uyatenganishe. Kuchukua fedha ya sadaka ni kosa la uaminifu, na lingebaki kuwa kosa hata kama angekuwa mwimbaji hodari wa kwaya. Kutotaka kwenda kanisani ni suala la imani na la moyoni. Ukiyaadhibu yote kwa fimbo moja, atajifunza kwamba dini ni adhabu, na kosa lenyewe la wizi litapotea katikati ya ubishi kuhusu ibada. Kwa hiyo lishughulikieni kosa la fedha peke yake: ajumlishe mwenyewe kiasi alichochukua, akirudishe kidogo kidogo kutoka katika fedha zake za matumizi au kwa kazi atakayoifanya, na aipeleke sadaka hiyo kwa mkono wake. Baba yake na awepo mazungumzo hayo yanapofanyika, kwa sababu hapo hamtofautiani hata kidogo. Sijasoma popote katika barua yako kwamba mume wako anauunga mkono wizi.

Na hapa naomba univumilie, maana kuna sentensi moja katika barua yako ambayo uliipitia haraka, nami nimeshindwa kuipita. Umeandika kwamba siku ile ya ugomvi mlikatizwa na jirani aliyebisha hodi, ukamtuma kijana akamwambie kuwa haupo. Mtoto aliyekuwa akikaripiwa kwa udanganyifu alitumwa na mama yake mwenyewe kwenda kudanganya, na aliporudi karipio likaendelea. Siandiki haya ili kukuaibisha. Wazazi wengi, wacha Mungu kweli kweli, hufanya hivyo bila kufikiri. Lakini kama unataka kujua nafasi ya dini katika malezi iko wapi, kwa maoni yangu iko pale mlangoni kuliko ilivyo kwenye benchi la kanisa. Ungemtuma aseme, "Mama anaomba umwie radhi, leo hawezi kuonana na mtu," angeuona ukweli unavyosemwa hata pale unapokuwa mgumu, tena mbele ya mtu ambaye asingeweza kamwe kuugundua uongo.

Biblia unayoisoma nyumbani haifichi jambo hili. Hofni na Finehasi, wana wa kuhani Eli, walikulia katika nyumba ya ibada, lakini kitabu cha kwanza cha Samweli kinasimulia jinsi walivyokuwa wakipora nyama ya sadaka za watu. Hata Samweli, aliyeyaona hayo kwa macho yake tangu utotoni, alikuja kuwa na wana waliopokea rushwa. Kuwa karibu na madhabahu hakukuwatosha watoto hao. Mume wako ana haki anaposema kwamba wako watu waadilifu wasio na dini, na wako waumini wasio waadilifu. Anapokosea ni kudhani kwamba adabu hujiotea yenyewe mradi tu dini imeondolewa. Mwombe akueleze, kwa utulivu, ni lini katika juma anakaa na watoto kuzungumza juu ya haki, huruma na kutubu. Dini, inapofundishwa vizuri, huipa familia nafasi hiyo kwa utaratibu: wakati wa kujihoji, maneno ya kuomba msamaha, na watu wazima wengine wanaomjua mtoto kwa jina na kumwita wanapokwenda kumtazama mgonjwa. Asiyetaka dini anapaswa kuvitafuta vitu hivyo kwa njia nyingine, na hiyo si kazi ndogo.

Je, umlazimishe kijana? Najua baadhi ya wasomaji wangu watanikasirikia, lakini jibu langu ni hapana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 14, unautambua uhuru wa mtoto wa mawazo, dhamiri na dini, na papo hapo unaitambua haki ya wazazi ya kumwongoza kwa kadiri uwezo wake unavyokua. Uwezo wa kijana wa miaka 14 si ule wa dada yake. Mwongoze, basi: sala ya familia iendelee naye akiwepo kwa heshima, na sikukuu kubwa mwende pamoja. Jumapili za kawaida mwachie uamuzi, lakini kwa sharti kwamba akueleze kwa maneno yake mwenyewe kinachomkera kule. Huenda ukasikia habari za fedha zilizomwondoa baba yake, na huenda ukakuta ni mwalimu anayewadhalilisha vijana mbele ya wenzao.

Swali lake la "mbona baba haendi" usilijibu wewe. Mwachie mume wako alijibu, kwa ukweli na bila kejeli, naye akuahidi kutokudhihaki imani yako mbele ya watoto kama utakavyomwahidi kutoitishia roho yake. Ukihofu kwamba imani ya mzazi mmoja haitoshi, msome Timotheo: mama yake alikuwa Myahudi aliyeamini na baba yake Myunani, na Paulo, alipomwandikia, aliikumbuka imani yake "isiyo na unafiki" kuwa ilikaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike.

Umesema unakusudia kumpeleka kijana kwa mchungaji akamwonye. Ahirisha kwanza. Ukiona bado ipo haja baada ya kuzungumza naye, mwambie mapema kwamba mnakwenda, ni kwa nini, na ni mambo gani ya kwake utayasema huko, ili naye apate nafasi ya kukuomba mengine uyaache.