Mtumishi wa serikali wakati wa maandamano: je, kunyamaza kwangu ni dhambi?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni karani wa rekodi katika hospitali ya umma hapa Pwani ya Kenya. Yalipofanyika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, Juni 2024, ndugu yangu mdogo aliingia barabarani na mimi nikaenda kazini kama kawaida. Tangu siku hiyo ananiita kibaraka wa serikali na kunisomea Hadithi ya kuondoa munkari, yaani uovu. Kazini nako mkubwa wangu alituandikia kwenye kundi la WhatsApp kwamba kila mmoja aweke ujumbe wa kuiunga mkono serikali, akaongeza kuwa kumtii kiongozi ni wajibu wa Muislamu. Kisha nikadokezewa kwamba kijana aliyeletwa na jeraha la risasi aandikwe kuwa kaanguka na pikipiki. Sikukubali, ila nina hofu. Je, nina dhambi kwa kutotoka? Hii kanuni ya mtumishi wa umma kutoegemea upande inanifunga kidini, au ni sheria ya watu tu? Naweza kwenda kuandamana siku yangu ya mapumziko? Na mshahara wangu ni halali?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na masahaba zake.

Binti yangu, huna dhambi kwa kwenda kazini siku ile. Hilo nalitanguliza kwa sababu naona ndilo linalokunyima usingizi. Dhambi ingekuwa katika kuandika uwongo kwenye lile daftari la majeruhi, na hapo Mwenyezi Mungu amekuhifadhi.

Tuanze na ahadi. Ulipoajiriwa ulikubali masharti, na miongoni mwake ni kwamba ofisi yako haitakuwa ya chama chochote. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003, iliyokuwa ikitumika wakati wa maandamano yale, ilimkataza mtumishi kuwa wakala wa chama katika kazi yake, na ikamkataza kujiingiza katika siasa kwa namna itakayowafanya watu waitilie shaka ofisi yake. Qur'ani, mwanzoni mwa Suratul Maida, inawaamrisha walioamini watimize mikataba, na Mtume (s.a.w.) amesema Waislamu hufungwa na masharti yao, isipokuwa sharti linalohalalisha haramu au kuharamisha halali. Kwa hiyo kanuni hiyo imepitishwa na bunge la watu, sawa, lakini ukishaikubali inaingia katika hesabu yako ya Akhera.

Ndugu yako huenda akasema: vipi mtu afungwe na ahadi ya kukaa kando huku haki iko upande mmoja? Mwambie asome kisa cha Hudhaifa bin al-Yaman, alichokipokea Imam Muslim. Hudhaifa na baba yake walikuwa njiani kuelekea Madina, Makuraishi wakawakamata. Hawakuwaachia mpaka wakaahidi kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba hawatapigana pamoja na Mtume. Walipofika wakamweleza yaliyowapata. Vita vilivyokuwa vinakuja ni vya Badr, Waislamu walikuwa mia tatu na kidogo, na kila mkono ulihitajika. Mtume akawaambia wende zao, watimize ahadi waliyowapa watu wale, na sisi tutamwomba Mwenyezi Mungu msaada juu yao. Haki ilikuwa wazi kuliko haki yoyote ya mswada wa kodi, na waliopewa ahadi walikuwa maadui wenye kulazimisha. Hata hivyo ahadi ilitimizwa, na hakuna aliyemwita Hudhaifa msaliti.

Lakini tazama waliahidi nini. Waliahidi kutopigana. Hawakuahidi kuwasaidia Makuraishi, wala kuwasifu sokoni, wala kuwatolea ushahidi wa uwongo. Huyo mkubwa wako ndipo anapochanganya mambo. Kanuni inayomkataza karani kuipinga serikali akiwa kazini ndiyo hiyo hiyo inayomkataza kuipigia debe. Anayewalazimisha watumishi waweke ujumbe wa kuunga mkono upande mmoja ameivunja yeye mwenyewe, na anayekataa kwa adabu ndiye aliyebaki ndani yake.

Na aya ya kuwatii wenye mamlaka, aya ya 59 ya Suratun Nisaa, mara nyingi tunaisikia ikikatwa vipande viwili. Aya ya 58 inatangulia kuamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe na watu wahukumiwe kwa uadilifu, na mwisho wa ile ya 59 wanaozozana wanarejeshwa kwa Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Utii uko katikati ya mambo hayo mawili, hauelei peke yake. Katika Bukhari na Muslim imo habari ya kiongozi wa kikosi aliyewakasirikia watu wake, akawaamuru wakusanye kuni, wawashe moto, kisha waingie ndani. Wengine walikaribia kuingia. Mtume alipopata habari alisema wangeingia wasingetoka humo tena, na kwamba utii ni katika mema tu. Na kwetu Kenya hao wenye mamlaka nao wana mipaka iliyoandikwa: kifungu cha kwanza cha Katiba ya 2010 kinasema mamlaka yote kuu ni ya wananchi. Ujumbe wa WhatsApp wa mkuu wa idara si amri ya nchi.

Sasa lile daftari, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote uliyouliza.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kazi kama yako. Inamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu, inawakataza mashahidi kukataa wanapoitwa, kisha inasema mwandishi asidhuriwe wala shahidi. Aya imeteremka katika mambo ya madeni, na wewe unaandika damu ya mtu. Mtume alipokuwa akiyataja madhambi makubwa alikuwa ameegemea, alipofika kwenye ushahidi wa uwongo akakaa wima, akalirudia neno hilo mpaka masahaba wakatamani anyamaze. Kuandika pikipiki mahali pa risasi ni ushahidi wa uwongo uliopigwa muhuri.

Madhara yake hayaishii kwenye karatasi. Fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha ya mtu, hujazwa kwa kutazama kumbukumbu za matibabu. Mamlaka Huru ya Kuangalia Utendakazi wa Polisi ikichunguza, itaanzia hapo. Familia ikienda mahakamani itaanzia hapo. Kufikia Julai 1, 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imetaja vifo 39 katika maandamano yale. Hesabu ya namna hiyo inasimama pale tu makarani na madaktari waliposema kweli, na ukweli huo unamlinda hata askari ambaye hakufyatua risasi.

Kwa hivyo Hadithi anayokusomea ndugu yako, ya kuondoa munkari kwa mkono, kisha kwa ulimi, kisha kwa moyo, wewe umeitekeleza kwa daraja ya kwanza. Wanazuoni wamesema mkono ni wa yule mwenye uwezo mahali pake. Barabarani ungekuwa mmoja kati ya maelfu. Pale dirishani hakuna mwingine aliyeshika kalamu ile. Mwambie hivyo kwa upole, maana naye katoka kwa uchungu wa kweli. Vijana wale walikuwa wakilalamikia kodi ya mkate, na mswada wenyewe Rais alikataa kuutia saini Juni 26, siku moja baada ya Bunge kuvamiwa.

Umesema una hofu. Fiqhi inatofautisha hofu na hofu. Suratun Nahli, aya ya 106, imemsamehe aliyelazimishwa kutamka neno hata la kufru ilhali moyo wake umetulia katika imani. Basi kama siku moja utatishwa kwa jambo zito ukaweka ujumbe wa sifa usiouamini, natarajia utasamehewa, ingawa kutoweka ni bora na ndiko ninakokuelekeza. Daftari la majeruhi haliingii katika ruhusa hiyo. Huko unajiokoa kwa kumdhulumu mtu mwingine, tena aliyelala kitandani hawezi kujitetea, na kulazimishwa hakumhalalishii mtu kuipoteza haki ya mwenzake kwa ajili ya kazi yake. Uhifadhi ule ujumbe wa mkubwa wako, ukatae kwa faragha bila kumuaibisha mbele ya kundi, na ukishurutishwa tena ulipeleke jambo kwa maandishi kwa aliye juu yake. Kifungu cha 236 cha Katiba kinakataza mtumishi wa umma kuonewa kwa sababu ametekeleza kazi yake kwa mujibu wa Katiba na sheria. Itumie kinga hiyo, usione haya.

Wakija watu kutaka orodha ya majina ya vijana waliotibiwa, wasipokuwa na amri halali, usiwape, hata wakiwa wamevaa sare. Siri ya mgonjwa ni amana. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo imeziweka habari za afya katika fungu la kulindwa zaidi. Wala usimtumie ndugu yako picha ya majeruhi ili aisambaze kwa nia njema. Hiyo pia ni khiyana.

Kuhusu siku yako ya mapumziko, wanazuoni hawana kauli moja juu ya maandamano yenyewe. Sheikh Ibn Baz na Sheikh Ibn Uthaymin waliyakataza, Sheikh Yusuf al-Qaradawi akayaruhusu yakiwa ya amani. Mimi naelekea kwenye ruhusa kwa nchi kama yetu, kwa sababu kifungu cha 37 cha Katiba kimempa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, bila silaha, na kupeleka malalamiko kwa wenye mamlaka. Mtawala aliyeapa kuilinda Katiba hiyo hawezi kusema kwamba anayeitumia amemuasi. Askari wana hukumu yao, maana Katiba yenyewe imeruhusu sheria iwawekee mipaka katika haki hiyo.

Wewe si askari, na vijana wa 2024 walikuwa wakisema wazi kwamba hawana chama wala kabila. Kwenda, kwa hali hiyo, sioni kuwa kumevunja ahadi yako. Ila usivae sare wala beji ya hospitali, usijitie ugonjwa ili upate ruhusa, na zikianza kurushwa mawe au maduka kuvunjwa uondoke hapo hapo, kwani hakuna haki inayodaiwa kwa kumwibia muuza duka. Na ikitazamiwa siku hiyo kuwa na majeruhi wengi, ukaitwa zamu, zamu inatangulia. Katiba, kifungu cha 43, inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na Msikiti wa Jamia jijini Nairobi ulipofungua milango kwa majeruhi haukuuliza nani anaunga mkono nini.

Angeniuliza hakimu, kadhi, kamishna wa kaunti au afisa wa tume ya uchaguzi, ningemwambia asiende hata siku ya mapumziko. Mtume amemkataza kadhi kuhukumu baina ya watu wawili akiwa na hasira, na wanazuoni wakapima kwayo kila linalovuruga uamuzi wake. Mtu ambaye kesho ataamua kesi ya mwandamanaji, au atahesabu kura yake, hafai kuonekana leo kashika bango. Mgomo wa kudai mishahara, kama ule wa madaktari wa mwaka huo huo, ni mlango mwingine: ni haki ya kazi, nao una masharti yake, na sitaki uuchanganye na haya.

Mshahara wako ni halali. Nabii Yusuf (a.s.) aliomba mwenyewe asimamie hazina za nchi chini ya mfalme asiyekuwa wa dini yake, na ndugu zake waliomtupa kisimani walipofika kutafuta chakula aliwatimizia kipimo kama wengine. Na Sayyidna Umar alipomsikia Abdullah bin Saadi akikataa malipo ya kazi ya umma alimkataza, akamsimulia kwamba naye aliwahi kukataa hivyo hivyo, Mtume akamwambia apokee kile kinachomjia bila kukitamani wala kukiomba, kisha akitaka akitoe sadaka. Pokea wako kila mwezi bila wasiwasi, maadamu unaandika kilichotokea.

Wallahu a'lam.