Likizo sio neno la Kizungu jamani

Hapana bwana, anayesema likizo imetokana na Kiingereza anachanganya na livu, hiyo livu ndo ya Waingereza. Likizo inatoka kwenye kitenzi kulikiza, yaani kumruhusu mtu aende zake, kumwachia, na watu wa zamani walikitumia hata kwa mtoto, kumlikiza mtoto maana yake kumwachisha ziwa 😂 kwa hiyo ukienda likizo ni kama umeachishwa kazi kidogo ila hii unarudi. Muundo ni uleule wa funza ikazaa funzo, tuliza ikazaa tulizo, hamna maajabu. Ruhusa nayo ni ya Kiarabu, rukhsa, na kazini watu huwa wanazitofautisha, ruhusa unaombea msiba au mtoto anaumwa siku mbili tatu, likizo ni haki yako ya mwaka, kwa Tanzania sheria ya ajira ya 2004 inasema siku 28 na humo wikiendi zinahesabiwa, Kenya ni 21 ila hizo ni siku za kazi tupu, so msikimbilie kusema Wakenya wanapunjwa.