Upepo Hautozi Pesa, Mbona Tokeni Ni Ghali?

*Twaambiwa karibu asilimia 90 ya stima ya Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, vitu vya Mungu vya bure. Mbona tokeni za shilingi 500 hazimalizi wiki? (Msomaji, Nakuru)*

Upepo ni bure, deni si bure. Mtambo wa dizeli hula pesa siku kwa siku, kadiri unavyochoma mafuta. Kisima cha mvuke cha Olkaria ni kinyume: karibu gharama yote hulipwa kabla hakijatoa hata yuniti moja, na pesa hizo aghalabu hukopwa ng'ambo, kwa dola au yuro. Bei yako basi huamuliwa zaidi na riba na mkataba. Soma mchanganuo wa tokeni zako utaona makato ya fedha za kigeni. Mapema 2024, dola ilipofika shilingi 160, makato hayo yaliuma hata kwa aliyetumia balbu mbili tu. Juu yake weka VAT ya asilimia 16, na asilimia 5 ya kusambaza umeme mashambani. Hiyo ya mwisho siilalamikii.

*Ni kweli tulilipia mitambo ya upepo ya Turkana ikiwa haitoi stima? (Msomaji, Eldoret)*

Kweli. (Na mradi wenyewe uko Loiyangalani, Marsabit, si Turkana.) Mitambo yote 365, yenye uwezo wa megawati 310, ilikuwa tayari 2017. Laini ya kuifikisha stima kwenye kituo cha gridi cha Suswa, zaidi ya kilomita 400, haikuwepo. Mwanakandarasi kutoka Uhispania alifilisika kazi ikiwa nusu, na stima ikaanza kutiririka 2018. Mkataba ulikuwa wa nunua-usinunue-utalipa, kwa hivyo fidia ikadaiwa.

Wengi huita sharti hilo wizi. Mimi sikubali. Bila hilo hakuna benki ambayo ingekopesha mradi mkubwa namna ile jangwani. Kosa lilikuwa serikali kujifunga kulipa kuanzia tarehe fulani ilhali laini, iliyokuwa jukumu lake, haijajengwa. Baada ya kamati ya rais ya 2021 iliyokagua mikataba ya kununua stima, mikataba mipya ilisitishwa kwa miaka kadhaa. Dawa hiyo nayo ina madhara: matumizi yaliendelea kupanda huku mitambo mipya ikichelewa.

*Kwa nini tunanunua stima Ethiopia, na usiku mvuke wetu unaachiliwa hewani? (Msomaji, Naivasha)*

Kwa sababu stima huuzwa kwa saa. Saa moja hadi saa nne usiku kila nyumba imewasha taa na televisheni, jua limetua, na upepo hauamrishwi. Hapo ndipo stima ya Ethiopia, inayokuja kwa laini ya kilovolti 500 tangu 2022, hutufaa. Saa nane usiku nchi imelala, na kisima cha mvuke hakizimwi kama taa. Tungekuwa na betri kubwa, au viwanda vingi vya zamu ya usiku, tungeutumia mvuke huo. Viwanda hupewa nafuu ya bei usiku, lakini vingi bado hufunga jioni.

*Nina paneli za sola juu ya paa. Naweza kuiuzia kampuni ya Kenya Power stima? (Msomaji, Kilifi)*

Kuuza kwa pesa taslimu, hapana. Kanuni za 2024 zinakuruhusu kuingiza stima ya ziada kwenye gridi, hadi megawati 1, nawe upunguziwe bili. Unahitaji mkataba na kampuni na mita inayosoma pande zote mbili. Kama mchana hauko nyumbani, piga hesabu ya betri kwanza.